Katogota mpaka Uvira: gari inangoja nani?



Nawaandikia nikiwa nimetoka safari ambayo wengi wenu mnaijua kama njia ya kwenda kuchota maji: Katogota mpaka Uvira, na kurudi. Nimeifanya tangu nikiwa msichana, nikimfuata mama na kapu la nyanya kichwani. Mara hii nilibeba kitu ambacho sikuwahi kubeba, daftari na kalamu. Kikundi chetu cha wauza nyanya kilinituma niandike kila saa tunayopoteza barabarani na kila mahali tunapoipotezea. Tumelalamika miaka mingi, na kila tukiulizwa na wakubwa tunataka nini hasa, tunajibu kwa sauti nyingi kwa mara moja, na hakuna linaloandikwa.

Saa kumi ya alfajiri nilikuwa tayari kando ya barabara. Kwa msomaji wa Kalundu au wa Baraka asiyefika kwetu: Katogota iko katika bonde la Ruzizi, sheferi ya Bafuliiru, juu ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Watu wengi wakisikia jina la kijiji chetu wanakumbuka tarehe 14 Mei 2000, siku watu wetu walipouawa, na sisi wenyewe hatuisahau. Lakini Katogota ni pia muhogo, mahindi, maharagwe na nyanya. Ni nyanya ndizo zinazotuamsha saa kumi.

Nyanya ya bonde ikishaiva haina subira. Tunaichuma jioni, inalala nje kwenye baridi, na inatakiwa kufika Uvira kabla jua halijapanda juu ya ziwa. Mama anayefika mapema anataja bei yake. Mama anayefika saa nne anakuta wanunuzi wa jumla wamekwisha jaza makapu, na ni wao wanaomtajia bei. Anayefika saa sita anauza kwa bei ya kuhurumiwa. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema wamama wa bonde hawajui biashara, mwulizeni kwanza alifika sokoni saa ngapi, na nani aliyemchelewesha.

Gari ya kwanza ilipita saa kumi na moja kasoro kidogo. Ilitoka Kamanyola imejaa. Ya pili ikapunguza mwendo, konvwayeri akatoa kichwa, akaangalia makapu yetu kwa tochi, akapiga bati mara mbili na gari ikaendelea. Ya tatu ilikuwa na nafasi ya watu wawili, ikachukua vijana wawili wasio na mzigo. Nikaandika yote. Hapo nikaelewa jambo ambalo miaka yote niliona tu bila kulitaja. Sisi wa katikati ya njia hatuna gari. Magari yote yana mwanzo Kamanyola au Uvira, na yanaondoka pale yakiwa yamejaa, kwa sababu shofere haondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Vijiji vilivyo kati vinabaki na makombo. Na kati ya makombo hayo, abiria asiye na mzigo anachaguliwa mbele ya mama mwenye makapu mawili.

Saa kumi na mbili nikafanya tunachofanya wengi wetu. Nikamwita motari, nikafunga makapu yangu nyuma, nikalipa anipeleke Kamanyola. Yaani nikarudi nyuma, upande wa kaskazini, ili nipate kiti katika gari itakayopita tena mbele ya nyumba yangu. Niliandika katika daftari bei ya ile moto kwa mstari wa peke yake, kwa sababu ndiyo pesa inayoniuma kuliko zote. Hainisogezi karibu na Uvira hata hatua moja.

Kwenye parkingi ya Kamanyola nilipata nafasi katika taksi-basi, nikakaa, tukangoja. Wale wanaokwenda Bukavu walikuwa wakiitana upande wao, wengine kupitia Ngomo, wengine kupitia mpaka wa Ruzizi ya pili na Bugarama. Gari yetu ilikuwa na watu sita. Nikamwuliza shofere kwa heshima: "Papa shofere, ukiondoka sasa na watu sita, si utapata wengine njiani? Katogota wapo, Luvungi wapo."

Alicheka, si kwa dharau. Alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa pili. "Mama," akasema, "hao wa njiani huwezi kuwajua. Leo wapo kumi, kesho hakuna hata mmoja. Mimi nina pesa ya bosi."

Akanihesabia kwa vidole. Kuna pesa ambayo mwenye gari anaingoja kila jioni, ijae isijae. Kuna mafuta, ambayo bei yake inapanda bila kupiga hodi. Kuna magurudumu, na barabara hii inakula magurudumu. Kuna jetoni za parkingi na noti za kushika mkononi kwenye bariera. Kuna konvwayeri naye, anayetakiwa kula. Kinachobaki ndicho chake. Kiti kikibaki kitupu, kinatoka katika chakula cha nyumba yake. Nimekuwa nikiwatukana mashofere miaka mingi, na bado wako wanaostahili, hasa wanaoendesha huku wameshika simu. Lakini siku ile niliandika hesabu yake kando ya yangu, nikaona kwamba yeye na mimi tunaogopa kitu kile kile. Mimi naogopa nyanya zioze, yeye anaogopa kiti kitupu, na kila mmoja anamtupia mwenzake hofu yake.

Tuliondoka saa moja na nusu. Tulipopita Katogota niliwaona wenzangu watatu bado wamesimama na makapu pale pale nilipowaacha. Mmoja alinipungia mkono. Gari haikusimama, ilikuwa imejaa.

Luvungi tulipita haraka. Bwegera tukasimama, kwa sababu mtu alisimama katikati ya barabara kabisa, mzee mmoja mikono juu. Nyuma yake alikuwa binti yake, mja mzito wa kukaribia, na karatasi ya kuhamishiwa hospitali kuu ya Uvira. Walikuwa pale tangu alfajiri. Moto aliiogopa, na ni haki yake, kwa mashimo yale. Ndani ya gari kila mtu akaangalia miguu yake. Hatimaye mama mmoja wa Kamanyola aliyekuwa na gunia la maharagwe akashuka, akasema atangoja nyingine, gunia litangulie. Simjui jina. Niliandika: "Bwegera, kiti kimoja, mama wa maharagwe." Baba wa yule binti alibaki barabarani akituangalia, hakuwa na nafasi.

Baada ya Luberizi kuna mashamba ya mpunga, na asubuhi ni mazuri kuyaona, sitaki mdhani bonde letu ni vumbi tupu. Ndege weupe wanatembea majini, maji yanang'aa mpaka chini ya mlima. Kisha Sange. Hakuna anayepita Sange bila kukumbuka tarehe 2 Julai 2010, gari la mafuta lilipopinduka na kulipuka, zaidi ya watu 200 wakateketea, wengi wakiwa wamekaa kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Ndani ya gari maongezi yalipungua, kama kawaida. Barabara ni moja kwa wote, kwa petroli, kwa nyanya na kwa watoto wa shule, na hapana ya pili. Runingu, Kiliba na kiwanda chake cha sukari, halafu Kavimvira, na ziwa likatokea mkono wa kushoto.

Tulishuka saa nne imepita. Bei yangu mnaijua.

Sasa Uvira yenyewe. Mji huu Mungu aliuweka kati ya mlima na ziwa, ukawa mrefu na mwembamba, toka Kavimvira mpaka Kalundu penye bandari. Barabara kubwa inafuata ziwa, na magari yanafuata barabara kubwa. Mtu akitazama karatasi atasema hakuna mji mwepesi kusafirishia watu kama huu, ni mstari tu. Lakini mama hatembei kwa mstari. Siku ile, baada ya kuuza, nilikuwa na kazi nne: kumpelekea mtoto wangu anayesoma pesa ya shule, kununua dawa ya mkwe, kuchukua ndagala za kurudi kuuza kijijini, na kupita kwa dada yangu anayekaa juu, karibu na mlima, aliyefiwa. Taksi ya barabara kubwa ilinifaa mara mbili tu. Kwingine kote ni moto au miguu, na ndagala kichwani. Papa anatoka nyumbani anakwenda kazini na kurudi, nauli mbili. Mimi nilihesabu nauli saba kwa siku moja, ile ya kurudi nyuma Kamanyola ikiwemo.

Nauli saba! Mume wangu alipoona daftari alidhani nimekosea.

Tukifikiri shida hii ni yetu peke yetu tunakosea. Kule Nairobi magari ya matatu yalikuwa mengi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, na hakukuwa na ramani moja inayoonyesha yanapita wapi. Kila abiria alijua njia yake tu. Basi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na watu wa vyuo vya Marekani, Columbia na MIT, wakapanda matatu wakiwa na simu, wakaandika kila kituo gari linaposimama. Mwaka 2014 wakatoa ramani yenye njia zaidi ya 130. Hawakununua basi hata moja. Waliandika tu kilichokuwepo, na ndipo watu wa mji wakaanza kuona wapi njia zote zinarundikana katikati na wapi hakuna kitu. Niliposimuliwa habari hiyo ndipo wazo la daftari liliponijia. Sisi hatuna simu za namna hiyo, lakini kalamu tunazo.

Kenya hiyo hiyo inafundisha jambo lingine. Mwaka 2004 waziri Michuki aliweka sheria kali: matatu ndogo ibebe abiria 14 bila kuzidi, kila kiti kiwe na mkanda, mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Ni sheria nzuri, na ningependa kuiona hapa kwetu tunapokaa wanne kwenye kiti cha watatu na mtoto wa mtu magotini. Lakini mwanzoni magari mengi yalitoka barabarani, watu wakatembea kwa miguu, na nauli zikapanda. Nasema hivyo kwa sababu kuna wenzetu katika kikundi wanaotaka tuende kwa wakubwa tuombe tu wakataze kujaza magari. Gari ikipunguza watu, ni nani atabaki barabarani Katogota? Tutabaki sisi, na makapu yetu.

Na Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wetu wengi wa kitenge wanafika, tangu Mei 2016 kuna mabasi marefu yanayoitwa Mwendokasi. Yana barabara yao wenyewe katikati, toka Kimara mpaka Kivukoni, kama kilomita 21 pamoja na matawi yake. Mtu anakata tikiti kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo inalingana na ya basi, kwa hiyo mzee au mama mwenye mimba haingii kwa kupanda ngazi. Ni kitu cha kutamani. Hata hivyo asubuhi watu wanasukumana. Na karakana ya mabasi yale waliiweka Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, ambako mvua ikija maji yanaingia na njia inafungwa. Sisi tuliouona mto Mulongwe usiku wa Aprili 2020, ulipobomoa nyumba na kuua watu Uvira, hatuna sababu ya kuwacheka. Siku zile mtu wa bonde aliyefika Kavimvira alikuwa hajafika mjini bado. Kupanga njia za magari Uvira bila kutazama madaraja ni kupanga nusu.

Turudi kwenye daftari. Wenzangu sita nao waliandika siku zao, na Jumapili baada ya ibada tuliketi chini ya mwembe tukayasoma kwa sauti. Asiyejua kuandika alimpa mtoto wake kazi hiyo, na nawaambieni daftari zilizoandikwa na watoto ndizo zilizokuwa na ukweli zaidi, kwa sababu mtoto haoni haya kuandika kwamba mama alilia. Tulitegemea kuona pesa. Tuliona saa. Karibu kila daftari ilikuwa na saa nyingi za kusimama kabla ya gari kuliko saa za kuwa ndani ya gari. Na jioni ilikuwa mbaya kuliko asubuhi: gari ya mwisho inaishia Luvungi, kisha mama anamtafuta motari asiyemjua gizani na pesa zote za siku kiunoni. Wawili walisema wamekwisha acha kwenda Uvira kwa sababu ya jioni hiyo tu. Mmoja wao ndiye alikuwa muuzaji hodari kutushinda sote.

Pendekezo lilitoka kwa msichana mdogo kuliko wote. Alisema: kama shofere anaogopa kiti kitupu, tukinunue. Siku mbili za juma, tulipe viti kumi mapema, gari ianzie Katogota saa kumi na moja, iondoke hata kama haijajaa. Pesa itoke katika MUSO yetu, kutoka sanduku la kijani, kila mmoja arudishe akiuza. Na jioni gari hiyo hiyo iturudishe mpaka mlangoni, si mpaka Luvungi.

Hapo wote tukashangilia. Lakini mtu akauliza habari ya yule binti wa Bwegera, na mkutano ukawa mgumu. Wengine walitaka kiti cha kumi na moja kilipwe kila safari na kibaki wazi, kwa ajili ya mgonjwa au mja mzito yeyote atakayekutwa njiani, na kilipwe na sanduku jekundu. Mama mzee wetu, mweka hazina, akakataa kata kata. Sanduku jekundu ni la msiba, akasema, na lina pesa kidogo. Siku mtu akifa mtakuja kwangu, nami nitawaonyesha kiti kitupu kilichokwenda Uvira na kurudi? Hatukuwa na jibu zuri. Mmoja akasema polepole, "Mama, kiti hicho pengine kingepunguza misiba." Mama mzee hakujibu. Akafunga sanduku, na kila mtu akarudi nyumbani.

Nilimtafuta yule kijana shofere Kamanyola, nikampelekea hesabu ya viti kumi. Aliisoma mara mbili. Akasema kwa pesa hiyo mkononi kabla ya safari anaweza kuja kulala Katogota usiku wa kuamkia soko, lakini atamwuliza bosi, na lazima chama cha mashofere kijue, asije akaonekana anawaibia wenzake abiria. Hilo ni haki. Aliomba pia makapu yapimwe na bei ya kapu iandikwe, tusigombane kila mara. Tumekubali: kapu kubwa bei moja, dogo nusu yake, mtoto wa mgongoni bure.

Safari ya kwanza tuliifanya Jumanne. Wamama wanane tu walikuja, wawili nyanya zao zilikuwa hazijaiva, na tulilazimika kulipia viti vyao. Walinung'unika, nasi tukanung'unika juu yao. Tuliondoka saa kumi na moja na dakika ishirini, si kumi na moja. Lakini saa mbili kasoro nilikuwa nimeketi sokoni Uvira, kapu wazi, na mnunuzi wa jumla akauliza bei, nikaitaja mimi.

Luvungi tulichukua watu watatu, wakalipa, na pesa yao tukakubaliana na shofere tugawane. Bwegera hakukuwa na mgonjwa. Mama mzee, ambaye siku hiyo alipanda pamoja nasi na kapu lake la bilinganya, alichungulia dirishani pale Bwegera mpaka tulipopita, halafu akaniuliza kiti kimoja kinagharimu franka ngapi kwa mwezi. Nilimwambia. Amesema ataleta jambo hilo tena kwenye mkutano wa Jumapili.

Vikundi vya Luvungi, Sange na Kiliba mnaotaka kujaribu, andikeni kwanza kwa juma moja: saa ya kutoka nyumbani, saa ya kupanda, saa ya kushuka, nauli ya kila hatua hata ile ya kurudi nyuma, na nani aliyeachwa barabarani. Leteni daftari. Tutaziunganisha, ili siku mji wa Uvira na wenye magari watakapokaa kupanga njia, tusiende tena na sauti tu.